Mwezi wa Boga

Boga alishuka kwenye tuktuk pale Gazi saa nne asubuhi, kanzu mpya, harufu ya udi ikimtangulia, mkononi biriani ya hoteli.

"Shikamoo, Mama. Idi Mubarak."

Bi Zainabu aliitikia marahaba kwa midomo iliyokauka. Alikuwa kwenye swaumu ya thelathini, na kijiji kizima kilikuwa kimefunga.

Hanifa alimtazama nduguye juu hadi chini. Idi tatu mfululizo bwana huyu hakuonekana, na mwaka huu Mama alikuwa na ombi moja tu: wanawe wawili wale naye tambi za asubuhi ya Idi kwenye sinia moja. Ndiyo kwanza amekuja, na amekuja siku siyo.

"Mwezi uliandama jana, dada. Saudia wameuona."

"Hapa hatukuuona."

"Mwezi ni mmoja."

"Mwaka jana ilikuwa miwili. Wa Saudia uliukataa, ukasema wewe ni mtu wa mwezi wa hapa."

Mwaka jana ruhusa yake kazini ilitoka siku ya pili, akailia hukohuko mjini; mwaka huu imetoka ya kwanza. Mwezi wa Boga uliandama ofisini kwa meneja kule Diani, ukabandikwa ukutani pamoja na zamu za wahudumu.

"Basi lala, kesho tule sote."

"Kesho naingia zamu."

Mama hakubishana. Alijifunga leso akaingia jikoni kumpikia mwanawe, na swaumu yake, na macho yake yale yenye ukungu. Alizikaanga tambi, akazimiminia tui, akatia iliki, kisha akapapasa rafuni na kuchota kwenye kopo la chumvi. Kiganja kizima. Hanifa alikuwa amesimama mlangoni na kopo aliliona. Alinyamaza. Mwenye Idi yake aile mwenyewe, alijiambia, na moyo ukamburudika.

Boga alitia tonge la kwanza, taya likasimama. Mama alikuwa ameketi mbele yake, mkono kwenye ukingo wa sinia.

"Sukari imekolea? Mimi sikuonja."

"Imekolea, Mama. Kule hotelini hakuna anayejua kupika hivi."

Hanifa alingoja ateme. Mwongo yule wa mwezi hakutema. Alikula mpaka sinia ikabaki tupu, akishushia maji kila baada ya matonge mawili, akaondoka alasiri macho mekundu. Mama alishinda akitabasamu peke yake. Hanifa alibenua mdomo: hata uongo mtu huyu anao wa akiba.

Magharibi Mama alifungua kwa tende, kisha akaomba ukoko wa tambi.

"Sufuria nimeshaiosha," alisema Hanifa.

Mama aliinuka mwenyewe. Aliikuta sufuria palepale jikoni, haijaguswa, akakwangua ukoko, akatia mdomoni. Ulikuwa chumvi tupu, akaumeza.

"Ulikuwa umesimama mlangoni," alisema.

Hanifa alianza habari za Saudia, za meneja, za zamu. Mama alimwacha amalize.

"Kesho tukishaswali nitampelekea nduguyo tambi zenye sukari, nile naye hukohuko kazini kwake," alisema. "Wewe, mwanangu, sijui mwezi wako utaandama lini."