Kweleakwelea wa Kitabuni

Penina alifika Haneti asubuhi na habari mbaya mkononi. Alifuatana na fundi Abubakari, Mrangi wa Kondoa anayejalidi vitabu kwenye karakana yake ndogo pale Miyuji. Walimkuta babu yake Penina, mzee Nathanaeli, ukumbini, akibangua karanga kwenye ungo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Naona umeniletea mwanamume nyumbani, tena mchana kweupe."

"Huyu ni fundi wa vitabu, babu."

"Wote husema hivyo."

Abubakari naye akaamkia, kisha, kwa utani wa makabila yao, akasema Mrangi akija kuiba mke hapiti mlango wa mbele. Mzee akacheka, akamsogezea kigoda.

"Maktaba wamekikataa kitabu," Penina akasema, na kicheko kikaishia hapo.

Kitabu chenyewe kilikuwa kikubwa kama sinia, cha miaka zaidi ya mia moja na hamsini, na ndani yake ni ndege watupu. Kila mmoja alichapwa kwa wino mweusi, kisha mtu akakaa na brashi akampaka rangi kwa mkono, unyoya kwa unyoya, hata ukifunua ukurasa unaogopa ataruka. Mchungaji mmoja wa Kizungu, siku alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia Daudi, mpishi wake, akamwambia, "Kitunze." Daudi alikitunza mpaka kufa kwake. Sasa mwanawe Nathanaeli, ambaye magoti yamemgomea na paa la nyumba linavuja, alikuwa anataka jambo moja tu kabla hajamfuata baba yake: kitabu kilale maktaba mjini, mahali pakavu, na pembeni paandikwe jina la Daudi.

"Wamekikataa kwa nini?"

"Mchwa, babu. Ulinieleza mwenyewe kwamba kina matundu ya mchwa, nikajaza hivyo kwenye fomu. Mkuu wangu pale maktaba anasema chenye mchwa hakivuki mlango."

"Walishakufa hao."

"Ndiyo maana nimekuja na fundi. Akithibitisha kwamba wamekufa, labda watalegeza."

Mzee aliingia ndani akakawia. Alitoka na sanduku la bati, akaliweka chini kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Ndani mlijaa majivu na majani makavu ya mwarobaini, na katikati kitabu kimefungwa kwa kitambaa.

"Baba alibadilisha majivu haya kila mwezi," akasema. "Hakukosa hata mwezi mmoja."

Abubakari alinawa mikono, akaikausha vizuri, akafungua. Ukurasa wa mumbi, mzima. Korongo, mzima. Akafika kwa kweleakwelea: dume, mdomo mwekundu kama pilipili, ametua juu ya suke. Kifuani pake palikuwa na tundu la mviringo, dogo kama ushanga. Akafunua. Kwezi, tundu palepale. Akafunua tena na tena, kurasa kumi na moja, mpaka kwa kanga, ambaye alikwaruzwa bawa tu.

Fundi akarudisha kurasa hadi kwa kweleakwelea.

"Mzee wangu," akasema, "hawa mchwa wako wana shabaha."

Mzee Nathanaeli akawa anawatazama mbuzi wa jirani.

"Mchwa anatafuna pembeni, anapindapinda, anapotea njia. Hawa wako wamemlenga ndege kifuani na kunyoosha moja kwa moja. Jalada hawakuligusa. Tena wameacha kutu, kama ya ncha ya chuma."

"Babu," Penina akaita.

"Nini?"

"Nani alimpiga mshale kweleakwelea?"

Karanga tatu zilibanguliwa kabla ya jibu kutoka.

"Alikuwa ananiangalia," mzee akasema.

Wakati huo mzee alikuwa na miaka minane. Wiki nzima alikuwa juu ya dungu la shambani akiamia ndege, akipiga kelele na kurusha udongo mpaka sauti ikakauka, na uwele ukaisha vilevile. "Narudi nyumbani sina hata sauti ya kuomba chakula. Baba amekiegemeza kitabu wazi ukutani kipate hewa. Namkuta huyu tena. Kanona, kakaa juu ya suke, shibe yangu yote iko tumboni mwake. Nikavuta upinde. Mshale ulikuwa wa ncha ya msumari."

"Na baba yako?" Penina akauliza.

"Aliuliza matundu haya ni nini. Nikasema mchwa. Akaniamini. Miaka arobaini, Penina, majivu na mwarobaini, anapigana na mchwa ambao hawakuzaliwa."

Penina alitaka kucheka. Aliona babu yake ameziacha karanga, akameza kicheko.

"Nikisema leo, nitakuwa nimemfanya mjinga kaburini," mzee akasema.

"Wanakataa mchwa tu, babu. Usiposema, atabaki humu sandukuni, yeye na jina lake."

Penina alitoa fomu mpya, akaandika tarehe, akafika penye 'sababu ya uharibifu', akasubiri. Abubakari akajifanya anakagua uzi wa jalada.

"Andika," mzee akasema mwishowe. "Tundu la mshale. Aliyepiga ni Nathanaeli mwana wa Daudi. Daudi alikitunza, mwanawe ndiye aliyekiharibu."

Penina akaandika hivyohivyo. Mzee akainama kutazama karatasi.

"Mbona hujaandika hatua?"

"Hatua gani, babu?"

"Nilisimama mbali. Hatua ishirini na tano."

"Mtoto wa miaka minane?" Abubakari akadakia. "Kumi, mzee."

"We Mrangi, ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Ila kanga alikuwepo, na mshale ulishindwa kumtoboa. Upinde wa nguvu hizo haufiki mbali."

Penina, ili amani ipatikane, akaandika kumi na tano. Babu yake akamnyang'anya kalamu, akaikata kumi na tano, akaandika ishirini kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, akatia sahihi.