Isomeke 40716

Kila asubuhi, kabla mashine za chini hazijaanza kunguruma, Jicho alichonga penseli yake nyekundu, akavuta kiti karibu na dirisha, akamngoja Bibi Mkato amalize chai. Kazi yao ilikuwa ya watu wawili. Bibi Mkato alishika andiko la asili akilisoma kwa sauti, neno kwa neno. Jicho alifuata kwa kidole kwenye karatasi iliyotoka kuchapwa, akiwinda makosa. Kila kitu kilisomwa, hata alama.

"Kiwanja namba kumi na mbili, mkato, ambacho hati yake imepotea, mkato, kitahesabiwa kuwa..."

Mama huyu alikuwa amesoma hivyo miaka ishirini na nane, hadi jina lake la kuzaliwa likasahauliwa na wote, isipokuwa mwenye daftari la mishahara. Jicho naye alipewa jina mwezi wa kwanza tu, kwa sababu halikumpita kosa. Alikuwa binti mpole, mwaka wa tatu tangu atoke chuoni, na maneno aliyowahi kusema pale kazini kwa hiari yake yangeenea nyuma ya kadi ya mwaliko.

"Kitahesabiwa kuwa nini, Bibi?" aliuliza asubuhi hiyo, maana sauti ilikuwa imekatika.

Msimamizi wa Idara ya Chapa alikuwa amesimama mlangoni na bahasha kubwa yenye lakiri. Alinyoosha kikapu cha mkate kilichokuwa kitupu.

"Simu zenu, humu. Mlango nafunga kwa ufunguo. Gazeti maalumu la Serikali, linatoka saa sita mchana."

"Na choo?" akauliza Bibi Mkato.

"Utabisha."

"Mimi nikibisha, mwanangu, huwa nimeshachelewa."

Msimamizi hakucheka, na hapo wakajua jambo ni zito.

Ilikuwa amri ya kupeleka jeshi nchi jirani kurejesha utulivu. Kifungu cha kwanza kilieleza kwa nini. Cha nne kilifunga mpaka na kukataza biashara yoyote na watu wa upande ule. Cha tisa kilisema askari wa akiba atakayekataa wito atafungwa miaka isiyopungua saba. Nyuma yake ilifuata orodha ya walioitwa: kurasa kumi na tisa za namba tupu, bila jina hata moja.

Jicho aliyasikia hayo yote na hakuyasikia. Hiyo ndiyo kanuni aliyofundishwa na Bibi Mkato siku ya kwanza: "Usisome maana. Maana ina wenyewe. Ukikimbilia maana, herufi itakupita hapo mlangoni na kukuaga." Kwa hiyo alisoma namba kama mtu anayechambua mchele. Zilizo sawa zilipita. Kwenye ukurasa wa kumi na moja Bibi Mkato akasoma, "Nne, sifuri, saba, sita, moja," na kidole cha Jicho kikasimama. Karatasi ilisema 40716. Mchapaji alikuwa amezipindua mbili za mwisho, kosa la kawaida kabisa. Akaizungushia nyekundu, akaandika pembeni 40761, wakaendelea.

Makosa yalikuwa kumi na manne, na msimamizi alipotia saini bila kusoma, kama alivyozoea, alisema, "Jicho, wewe ukiumwa idara hii inafungwa." Jicho aliona haya, akatazama viatu vyake.

*

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili na duka mbele. Duka lilikuwa la kaka yake, fundi miwani, aliyemlea tangu wazazi wao wafariki, akamsomesha kwa kusaga vioo vya watu. Jicho alimkuta ameinama juu ya jiwe la kusagia, akibishana na mwalimu mstaafu aliyekuja kubadilishiwa lenzi. Taarifa ilikuwa imeshasomwa redioni.

"Kwa hiyo miwani yangu ndiyo basi?" Mwalimu alisema.

"Vioo vyako viko kwenye boksi, boksi liko mpakani, mpaka umefungwa. Mimi nifanye nini, Mwalimu, nikusagie chupa ya soda?"

Vioo vyote vya kaka yake vilitoka ng'ambo ya mpaka, kwa fundi mmoja ambaye hawakuwahi kuonana. Miaka tisa waliandikiana vikaratasi ndani ya maboksi. Cha mwisho kilikuwa bado kimebandikwa ukutani: "Safari hii amefunga binti yangu. Ukikuta kimevunjika, mgombeze yeye, mimi namwogopa."

"Yule bwana na mimi hatujagombana hata siku moja," kaka aliendelea. "Sasa naambiwa tuna ugomvi. Nani kagombana kwa niaba yangu, na nani alimtuma?"

"Usijifanye mtoto, Fundi. Kule watu wanachinjana. Nyumba ya jirani ikiungua, utangoja barua ya mwaliko?"

"Sitangoja. Nitabeba ndoo yangu mwenyewe nikimbie. Na ukitaka, nitafungua mlango wangu waingie walale humu, juu ya haya mavumbi. Ila sitamkamata mwana wa mwenzangu nimtupe motoni, halafu niseme mimi ndiye nimezima."

"Maneno matamu. Ndoo moja moja haizimi mji."

"Na hawa ndio watauzima? Hilo shimo mbele ya duka hili lina miaka sita, Mwalimu. Wameshindwa shimo. Kesho wanakwenda kupanga nchi ya watu ambao hata salamu yao hawaijui."

Mwalimu alicheka bila kutaka. "Wewe ungezaliwa peke yako kisiwani ungefaa kuwa rais."

"Ningejiuzulu siku ya kwanza."

Mwalimu akaondoka na miwani yake ya zamani, jicho moja amelifumba ili aone njia. Jicho alikuwa bado amesimama na mkoba begani. Alimpenda kaka yake alipokuwa akisema hivyo, na kila mara alitamani asiseme kwa sauti kubwa.

Kaka alifuta mikono, akavuta mtoto wa meza, akatoa kitabu kidogo cha kijani kilichokunjika pembe. Jicho hakuwahi kukiona. Alijua tu kwamba zamani, ili apokewe chuo cha ufundi, kaka alipitia miezi mitatu ya mafunzo ya akiba, akarudi na miguu yenye malengelenge na hadithi za kuchekesha.

"Wamebandika orodha ofisi ya kata," kaka alisema. "Nimekwenda saa nane. Kuna watu wanasoma namba zao kama wanaosoma matokeo ya mtihani. Mmoja hakujiona, akaruka, halafu akaona aibu kuruka mbele yetu."

Akakiweka kitabu mezani. 40761.

Anayesahihisha hakumbuki yaliyo sawa. Yaliyo sawa humpita kama maji. Hukumbuka makosa tu, na Jicho aliikumbuka ile namba na mduara wake mwekundu, na jinsi mkono wake ulivyokwenda wenyewe, bila kusita, ukijiamini. Akakaa juu ya kigoda cha wateja.

"Ijumaa ijayo ndiyo siku ya kuripoti," kaka alisema. "Sitakwenda. Yaani nitakwenda kituoni, nitawaambia siendi, na watafanya watakavyofanya."

"Miaka saba," alisema Jicho. "Isiyopungua. Hakuna faini."

"Umesoma wewe?"

"Nimesoma mimi. Na namba yako ilikuwa imekosewa. Waliandika nne sifuri saba moja sita. Nikaisahihisha." Hakuwa na machozi bado. "Nimekuandika mimi, kaka."

Kaka alifanya jambo lililomuumiza kuliko kugombezwa. Alitabasamu. "Mdogo wangu, nilikusomesha ili usikosee. Ningelalamika kwa nani?"

Hapo Jicho akaanza kusema haraka, kama mtu anayeogopa kuishiwa pumzi. Kila Jumatano, alisema, gazeti la kawaida hutoka na ukurasa wa masahihisho. Hakuna anayeusoma. Yeye ndiye huuandika. Ni mstari mmoja tu: pale ilipoandikwa 40761, isomeke 40716. Msimamizi hutia saini bila kutazama. Andiko la asili limeshafungwa ghalani, na ghala halifunguliwi hadi panya waombe. Ijumaa kaka akifika, atakuwa hayumo.

Kaka alizima taa ya jiwe la kusagia, ingawa nje bado kulikuwa kweupe.

"Na huyo 40716 ni nani?"

"Simjui."

"Ana dada?"

"Kaka, tafadhali."

"Nauliza tu. Yeye leo amekwenda ofisi ya kata kama mimi, hakujiona. Labda ndiye yule aliyeruka. Amerudi nyumbani, wamepika. Jumatano wewe unamtoa mezani."

"Labda hayupo. Labda ni namba tupu."

"Na kama yupo?"

Jicho aliinamisha kichwa, kama alivyofanya maisha yake yote, akitumaini mwenzake atamaliza sentensi yeye.

"Hutaandika," kaka alisema, kwa upole. "Ukiandika, Ijumaa nitafika palepale na kitabu changu niwaambie mmekosea, wa kweli ni mimi. Na hapo watakufunga wewe pia. Miaka yote nimepiga kelele hapa dukani kwamba mtu asichukuliwe kulipia shauri la mwingine. Sasa limefika kwangu, niseme nini? Msinichukue mimi, mchukueni wa jirani?" Akamshika bega. "Najua hukuwa na nia mbaya. Wewe ni mpole. Hutaki mtu yeyote aumie, ndiyo maana umechanganyikiwa. Sema basi ni hivyo, yaishe."

Ulikuwa mlango ameachiwa wazi, na Jicho aliona angeweza kuupita akiwa bado ni yule binti ambaye kaka yake anamfahamu. Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni, gurudumu likaanguka shimoni, akaapa, akalitoa.

"Siyo hivyo," alisema. Sauti yake ilitoka kubwa, ikamshtua mwenyewe. "Nataka aende yeye. Hata kama yupo. Hata kama ana dada."