Mchumba Asiyekunywa Mbege

Salvina alipopanda Kirua Vunjo mara ya kwanza, Juni ya mwaka 1996, alikuwa na redio kaseti ya kuazima na swali ambalo mwalimu wake wa Chuo Kikuu alikuwa amelipigia mstari kwa wino mwekundu: waumini wa kawaida wa dini ya Kibaha'i huku mlimani waliyaelewaje maandiko yao yanayoeleza safari ya roho kumtafuta Mungu?

Historia alikuwa ameshaipata. Mama Malti wa Rau, mjane wa Kihindi ambaye nyumbani kwake Wabaha'i wa Moshi walikuwa wakikutana tangu enzi za Uhuru, alimsimulia yote huku akimjazia chai ya maziwa: nani alikuja kutoka wapi, nani aliamini, nani alirudi nyuma. Ila alipoulizwa hilo swali la wino mwekundu alitikisa kichwa.

"Hilo mpelekee ndugu Eliufoo," alisema. "Ni fundi seremala. Marehemu mume wangu alimwita atutengenezee kabati la vyombo, akatusikia tukiomba, akaanza kuuliza. Kabati la wiki moja lilichukua miezi. Kila akikaribia kumaliza, anapata swali jingine."

Ndivyo Salvina alivyofika kwenye kihamba cha mzee Eliufoo, shamba la ukoo lenye nyumba ya bati katikati ya migomba, ukungu umeshuka mpaka kwenye vikonyo. Mzee alikuwa ameketi barazani, mrefu hata akiwa amekaa, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mkewe, Kornelia, alikuwa pembeni akimenya ndizi za supu ya mtori, rozari shingoni.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Eliufoo. "Mama Malti alinitumia salamu zako. Nitakujibu utakachouliza. Lakini na mimi nina shida yangu. Siku hizi maandishi nayaona kama siafu wanaotembea. Ukija, unisomee kwanza."

Wakakubaliana. Kila Jumamosi Salvina alipanda na kitabu alichoazimwa na Mama Malti, akasoma kwa sauti habari za mtafutaji anayeacha nyumba yake, anayeambiwa kwamba pasipo subira hatafika popote, anayeunguzwa na upendo mpaka asijitambue. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo ikimcheza. Kornelia alikuwa Mkatoliki wa kutokosa misa. Kitabu kilipofunguliwa tu alikuwa akibeba sufuria yake na kuingia jikoni. Mlango aliuacha wazi.

Shida ilikuwa upande wa majibu. Mzee hakuwa mtu wa maneno.

"Babu, hapa anaposema mtafutaji avumilie, wewe ulipaelewaje?"

Eliufoo alikuna kidevu, mkanda wa kaseti ukizunguka bure.

"Vizuri," alisema.

"Vizuri vipi, babu?"

"Vizuri tu. Ni kweli kabisa."

Salvina alirudi mjini jioni ile na kaseti iliyojaa majogoo na vijiko. Alimpenda yule mzee, tena sana, na hilo ndilo lililomfanya ashindwe kumbana. Lakini Septemba, mwezi wa kukabidhi kazi, ilikuwa inakaribia, na sura ya tatu ya utafiti wake ilikuwa na kichwa cha habari tu.

Mwezi wa Agosti alipanda akamkuta Kornelia peke yake, anaanika maharage juu ya turubai.

"Mwenzangu yuko mjini," alisema bibi. "Wamemfanyia operesheni ya macho. Amepumzishwa kwa Mama Malti, daktari amekataza asitikiswe na gari kwanza."

"Afadhali, bibi. Basi mimi nitarudi akishapona."

"Urudi wapi na umeshafika? Umekuja kusoma, soma."

Salvina alidhani hakusikia vizuri. Kornelia alijifuta mikono kwenye kitenge, akakaa kwenye kiti cha mumewe.

"Mlikuwa mmeishia pale yule mtu ameshatafuta mpaka amechoka," alisema. "Sasa nataka kujua kama alimpata."

Salvina akafungua kitabu, akasoma. Aliposoma kidogo habari za mpenzi aliyevumilia miaka mingi, bibi alianza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega.

"Ni yeye huyo," alisema. "Ni Eliufoo mtupu. Alinitesa na subira yake hiyo mpaka nikataka kumpiga na mchi."

Salvina alisogeza redio karibu, akamwangalia bibi kumwomba ruhusa. Kornelia akainamisha kichwa kukubali, akaanza kusimulia.

Walipopendana, alisema, Eliufoo alikuwa ameshaingia dini yake mpya. Na dini hiyo ilimtaka mambo mawili yaliyokuwa magumu kwelikweli huku mlimani. La kwanza, asiguse pombe. La pili, asioe mpaka wazazi wote walio hai, wa kwake na wa binti, wakubali kwa hiari yao.

"Wazazi wake walikubali. Baba yangu alikuwa ameshafariki, akabaki mama. Na mama yangu alikuwa mama kweli. Eliufoo akaja kuposa, amebeba asali, amebeba maziwa, amekuja na mbuzi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, hakuna. Mama akauliza, wazee wa ukoo watakaa hapa wanywe nini, maziwa kama ndama? Akasema posa bila mbege ni jirani aliyekuja kutembea tu. Akamwambia ahsante kwa mbuzi, karibu tena."

"Akakasirika?"

"Eliufoo? Akasema ahsante mama, nitarudi. Na akarudi. Akawa anarudi kila baada ya mavuno, anakaa uani, anapewa mtori, anakataa kibuyu, anasema ahsante mama, anaondoka. Wenzangu wote wameshaolewa. Wakati ule kijana akizuiwa alikuwa anakutorosha, asubuhi wazazi wanakuta umeshalala kwao, wanamaliza maneno. Basi na mimi nikafunga nguo zangu kwenye kanga, nikaenda kumngojea kwenye kahawa za mjomba. Akaja. Nikamwambia twende."

Kornelia aliokota punje ya maharage iliyoruka, akairudisha mahali pake.

"Akanishika mkono, akanirudisha mpaka mlangoni kwa mama yangu. Akasema, Kornelia, nataka uingie kwangu mchana, mama yako akikutazama. Sikusema naye mpaka migomba ilipozaa tena. Nilijua hanitaki. Nilijua anampenda Mungu wake huyo na mimi ni kisingizio tu. Halafu kila siku nilikuwa naingia kanisani, napiga magoti kwa Bikira Maria, namwomba amlainishe mama."

"Na mama akalainika?"

"Alivunjika mguu."

Ilikuwa Krismasi, alisema, watu wote wamepanda kutoka mijini, mbuzi wamechinjwa, mapipa ya mbege yamefunguliwa tangu asubuhi. Mchana mama mtu aliteleza kwenye mfereji wa maji, mguu ukavunjika. Kakake Kornelia, Aminieli, alijaribu kumwinua wakaanguka wote wawili. Mwingine alikwenda kutafuta machela akalala njiani. Ndipo Eliufoo akatokea. Alikuwa amekuja kusalimia sikukuu tu, na pale uani alikuwa mwanaume pekee anayeweza kutembea amenyooka. Alimbeba mama mkwe mgongoni, kwenye matope, mpaka zahanati ya misheni, Kornelia akitembea nyuma na kanga ya kumfunika.

"Nilikuwa nasikia wanavyoongea. Mama anaguna kwa maumivu, halafu anamuuliza, wewe kijana, hunywi kweli kabisa? Anasema, sinywi mama. Hata kidogo? Hata kidogo, mama. Wakaenda tena. Tulipofika kwenye mteremko wa zahanati mama akasema, basi mchukue. Lakini usije ukaniangusha sasa hivi kwa furaha."

Salvina alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kornelia naye alikuwa anajifuta macho na ncha ya kitenge, akisema ni moshi wa jikoni. Padre, alimalizia, aliwaombea kibali kwa askofu, wakafunga ndoa kanisani asubuhi, na mchana ule ule Mama Malti na mumewe wakapanda kutoka mjini kuwashuhudia wakifunga na kwa taratibu za Kibaha'i. Wameishi hivyo, yeye na misa yake, mzee na sala zake.

Salvina alijua ameshapata sura yake ya tatu. Alijua pia kwamba hawezi kuiandika bila mzee kuridhia. Kwa hiyo Eliufoo aliporudi, amevaa miwani mikubwa myeusi, jicho moja limeshaanza kuona vizuri, alimweleza wazi kile bibi alichosimulia.

Mzee alimgeukia mkewe. Alimtazama kama mtu anayepima ubao.

"Ulidhani sikutaki?" aliuliza.

"Ningedhani nini? Ulinirudisha kama debe la kuazima."

"Kornelia. Nilipokuacha pale mlangoni nilikwenda karakana, nikajifungia, nikalia. Nililia mpaka baba akaja kugonga, nikamwambia ni vumbi la mbao."

"Wewe ulilia?"

"Nililia. Asubuhi nikashuka Rau kumwambia Mama Malti kwamba nimeshindwa, dini hii siiwezi, naenda kumtorosha mchumba wangu. Alinipa chai. Sikuimaliza, nikalia tena mbele yake."

Kornelia aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea ndizi. Alikuwa ameishi na mtu huyu maisha yake yote ya utu uzima, amemzalia watoto, amemfulia, amegombana naye juu ya kung'oa kahawa na kupanda nyanya kama majirani walivyokuwa wakifanya, na hili hakuwa amelisikia.

"Na mimi nikakaa naona unapita umenyooka kama mti," alisema taratibu. "Nikasema huyu hana moyo."

"Ungeniuliza."

"Nilikuwa nimenuna. Mtu aliyenuna anauliza?"

Eliufoo alicheka, akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata wa mkewe, ingawa kwa jicho lile jipya angeweza kuuona. Salvina alizima redio. Akachukua kisu kilichowekwa chini, akaanza kumenya ndizi zilizobaki ili wazee wasihangaike.

Baadaye, walipokuwa wanakula mtori, mzee alisema Salvina aandike yote na majina yao ayaweke.

"Na kulia kwake uandike," alisema Kornelia, akimwongezea mumewe kipande cha nyama.

Salvina alishuka mjini akapitia Rau, akaandika barazani kwa Mama Malti kwa siku kadhaa, na mwezi uliofuata akaupeleka utafiti Dar. Mwalimu aliirudisha sura ya tatu akiwa ameweka alama za kuuliza mahali pengi, hasa pale kwenye mguu uliovunjika. Lakini aliipitisha.