Burashi Isiyotaka Kutaja Nywele Zake

Usiku wa jana niliota nakuna nazi jikoni kwetu Wete, na ukutani pana picha ya mwanamke wa Kizungu aliyekaa bustanini. Niliisogelea. Mwanamke hakuwepo. Palikuwa na madoa manene ya rangi tu, kama mchuzi uliorukia ukuta.

"Rudi nyuma, mwanangu," madoa yakasema. "Ukinikaribia sana, mimi si mtu."

Nikarudi hadi mlangoni. Akawa mtu, akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile. Lilikuwa mpako mmoja wa rangi nyekundu, tena wa harakaharaka.

"Kaa kidogo mahali pangu. Nakwenda chooni, narudi."

"Umekaa hapo tangu lini?"

"Usiulize mambo ya wakubwa."

Mimi huona haya kumkatalia mtu. Napepesa macho, jiko limekuwa bustani, nimekaa kwenye kiti chake. Yeye yuko kwetu, anakuna nazi yangu. Chooni hakwenda.

Inakuja burashi ndefu, inatembea yenyewe, inanizunguka.

"Nywele nyeusi," inasema. "Macho meusi. Hapa nyeusi haitumiki. Hata kivuli tunakipaka zambarau."

"Mama atanijuaje?"

"Atasimama mbali."

Inachovya rangi ya samawati, inalenga shavu langu. Ndipo naziona nywele zake: nyeupe, ngumu, zimesimama wima.

"Samahani," nasema. "Hizo nywele ni za mnyama gani?"

"Nzuri."

"Za mbuzi?"

"Hajalalamika mtu."

"Nauliza, ni za mbuzi?"

"Zinashika rangi vizuri sana," inasema, na inatazama pembeni.

Hapo nikajua ni za nguruwe. Nguruwe ni najisi. Hata unywele wake ukikugusa ukiwa na majimaji, huna budi kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sijawahi kumpigia mtu kelele maishani mwangu. Nikapiga.

"Usiniguse, nguruwe wewe!"

"Mpako mmoja tu," burashi ikasema.

Nikaamka. Nikajipapasa uso, mkavu. Nikacheka peke yangu, nikatoka uani kumwamkia mama, aliyekuwa akichekecha unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu njoo, Mwanakombo. Shavuni una nini?"

Akanibandua unywele mmoja mfupi, mweupe, mgumu. Akauinua kwenye jua, akaugeuza. Ncha yake ilikuwa ya samawati.

"Umelala wapi wewe?"

"Kitandani kwangu, mama."

Akanitazama sana. Akauangusha chini, akaweka chekeche pembeni.

"Usiguse kitu," akasema. "Simama hapo hapo, nikachimbe udongo."