Ukuta wa Nyuma wa Maktaba

Pale Muheto, fundi Munyakazi alikuwa amepachikwa jina ambalo hakulipenda: Papa Milango Mbili. Kwa miaka kumi na mmoja hakujenga nyumba, hata jiko la mama mjane, bila kuiwekea mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Watu walimcheka. Walisema anamwogopa mke wake, ndiyo maana kila mahali anatafuta pa kutorokea. Naye alicheka nao, kwani kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza.

Maelezo yenyewe ni haya, na heri tuyaseme mapema, tusiyabebe njia nzima. Zamani kijiji kilikuwa na maktaba, chumba kimoja cha mbao na paa la nyasi juu ya msingi wa mawe. Mtunzaji wake alikuwa mwalimu Zéphyrin, rafiki wa Munyakazi tangu wakichunga ng'ombe pamoja. Siku wenye bunduki walipopanda kilima, watu wote walikimbilia bondeni. Zéphyrin akagoma kuviacha vitabu. Basi wakafanya kile ambacho watu wa vilima hivi wamezoea kufanya: anayebaki hujificha ndani, na jirani hufunga kadena, yaani kufuli, kwa nje na kuondoka na ufunguo, ili wapitao wadhani nyumba haina mtu. Ujanja huo umeokoa wengi.

Munyakazi alifunga, akautia ufunguo mfukoni, akaenda kulala kifudifudi kati ya mikaratusi nyuma ya jengo. Wale watu waliiona kadena, wakaamini hakuna mtu, wakawasha paa na kuendelea na safari yao. Hapo ndipo Zéphyrin alipoanza kugonga. Aligonga ukuta wa nyuma, ule uliotazama mikaratusi, kwa sababu alijua rafiki yake yuko upande huo. Wenye bunduki walikuwa wameshateremka. Njia ilikuwa wazi, saa nane mchana, ufunguo uko mfukoni, na Munyakazi hakuinuka. Alijiambia huenda mmoja wao amebaki nyuma. Alijiambia hivyo mpaka kugonga kukakoma.

Baadaye alikwenda kwenye majivu, akaiokota kadena ikiwa imefungwa vilevile, akaitupa chooni. Watu waliporudi, aliwaambia kwamba wenye bunduki walivunja mlango wakamkuta mwalimu ndani. Hakuna aliyeuliza zaidi. Alimzika mwenyewe, na tangu mwaka ule mjane, Mama Umurerwa, humpelekea kapu la maharage kila mavuno, kumshukuru. Maharage hayo hayataki, lakini huyala, kwa sababu mkewe angeuliza.

Na kuta zilianza kumgongea. Si zote, wala si kila siku. Anaweza kuwa anapiga lipu, jua limesimama kichwani, mara anasikia kutoka ndani ya ukuta: ko, ko, ko, na kimya kidogo, kisha tena. Huweka mwiko chini na kutoboa mlango wa pili. Mlango ukishapatikana, ukuta hunyamaza.

Mwaka huu kijiji kikaamua kujenga maktaba mpya pale pale, juu ya msingi ule ule wa mawe. Aliyechora ramani alikuwa Umurerwa, binti wa marehemu, aliyemaliza masomo yake ya ujenzi Goma. Munyakazi ndiye aliyembebea sanduku lake mpaka Sake siku ya kwanza alipokwenda kusoma, na msichana alikuwa akimwita Baba mudogo tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Alikuja kwake kwanza na ramani, kabla hajaionyesha komite. Aliikunjua juu ya benchi la seremala, akaikandamiza kwa viganja.

"Angalia, Baba mudogo. Fondasio tunainyanyua, maji ya mvua isiingie. Rafu za libuyu, ile mbao ngumu tutaleta Walikale, na hazitagusa ukuta, unyevu isizifikie. Madirisha iko juu kabisa, na nondo. Mulango njo moja tu, ya chuma."

Ilikuwa kazi safi. Fundi aliona hivyo mara moja, na moyo ukamwuma kwa fahari. Kisha akatazama ukuta wa nyuma kwenye karatasi, mstari mmoja mrefu usio na pengo.

"Na mwenye iko ndani, atatokea wapi?" akauliza.

"Kwa mulango." Umurerwa alicheka. "Weye na milango yako! Papa alikufa sababu mulango ilikuwa ya mbao, bakaivunja. Weye njo ulituambia. Hii, habataivunja hata na nyundo."

Uongo wake mwenyewe ulikuwa umekwenda shule, ukajifunza kuchora, na sasa ulikuwa umerudi nyumbani kama ramani. Alikuwa na njia mbili tu: kuiacha ijengwe ilivyo, au kumwambia binti huyu aliyekuwa kama mtoto wake ni nani hasa aliyemfungia baba yake.

Alijaribu njia ya tatu, ya woga. Alizungumza kwenye mkutano wa komite. Rais wa komite, Papa Sebarenzi, mtu mwenye sauti kubwa na tumbo la kuifaa, hakumpa nafasi.

"Munyakazi, hapa hatujengi nyumba ya kukimbia bibi! Bitabu ya masomo, tulikuta banafungia nayo karanga kwa soko ya Sake. Mulango mbili, ni bezi mbili tunakaribisha. Mutoto wa Zéphyrin mwenyewe amesema moja. Moja njo tutaweka."

Watu wakacheka, na shauri likaisha hapo.

Basi akajenga. Alipanga matofali ya saruji, kozi baada ya kozi, na ukuta wa nyuma ulipofika urefu wa kifua, ukaanza. Ko, ko, ko. Alimtazama mwenzake aliyekuwa akikoroga mchanga; mwenzake alikuwa akipiga mluzi. Kesho yake ulianza mapema zaidi. Alipotia tofali, liligongwa kutoka upande wa pili kabla hajaligonga yeye kwa mpini. Akazunguka mbio kutazama. Hakukuwa na mtu, ila jiwe la msingi wa zamani, bado jeusi. Aliweka kiganja juu ya ukuta, na kila pigo lilimfikia mfupani.

"Nyamaza, ndugu yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nitamwambia. Acha nimalize kozi hii."

Alimaliza kozi ile na nyingine zote. Paa likapanda, lipu ikapigwa, na bado hakuwa amesema. Alikonda. Mkewe alimwambia aende dispensari, akajibu ni vumbi la saruji.

Wiki mbili baada ya lipu, mlango wa chuma uliletwa kutoka Sake, ukafungwa kwenye fremu, na Sebarenzi akaona afanye sherehe kidogo. Aliwaita watoto wa shule waje kuona mahali vitabu vyao vitakapokaa. Waliingia wote, kama arobaini hivi, wakijaribu kuruka waguse madirisha bila kuweza. Umurerwa alikuwa nje, akionyesha wazazi mifereji ya maji. Sebarenzi akasimama mlangoni akitabasamu.

"Sasa mutaona nguvu ya hii kitu," alisema, akausukuma mlango ukajifunga kwa kishindo, akatia kadena yake mpya na kuibana.

Watoto walipiga kelele za furaha. Kisha, kama watoto walivyo, wakaanza kugonga. Waligonga mlango, waligonga kuta, na wengine wakakimbilia ukuta wa nyuma wakagonga kwa viganja, wakicheka.

Munyakazi alikuwa amesimama upande huo, chini ya machipukizi ya mikaratusi. Waliokuwapo wanasema hawajawahi kumsikia mtu mzima akipiga yowe namna ile.

"Fungua! Sebarenzi, fungua! Batakufa!"

Alimfikia rais wa komite, akampokonya ufunguo, akakosa tundu mara tatu. Mlango ulipofunguka, watoto walitoka wakimcheka, halafu wakaona uso wake, wakaacha. Umurerwa aliwaambia watu wote waende nyumbani. Hata Sebarenzi aliondoka.

"Baba mudogo, iko nini?"

Akamwambia. Alisema akiwa ameketi kwenye kizingiti, macho chini, na hakuruka kitu: kadena, mikaratusi, paa, njia iliyokuwa wazi, ufunguo mfukoni, choo. Alitaja hata maharage ya mama yake. Umurerwa alisikiliza akiwa amesimama. Hakulia, na hiyo ndiyo ilimwogopesha fundi zaidi.

"Ulikuwa umbali gani?" aliuliza mwishowe.

"Hatua makumi sita. Ao zaidi. Ilikuwa mbali."

"Onyesha pahali."

Alimwonyesha kisiki cha mkaratusi ambao siku ile alilala nyuma yake. Umurerwa alitoa futi yake ya kupimia mfukoni, akaibana ncha yake kwa tofali chini ya ukuta wa nyuma, akarudi nyuma akiifungua, akapima kipande kwa kipande, akiweka kijiti kila ilipoishia, kama anayepima kiwanja cha mtu yeyote. Alipofika kwenye kisiki alipiga magoti, akasoma.

"Metre kumi na tisa," alisema. "Hata hatua makumi tatu haifike."

Munyakazi alifungua mdomo aseme kwamba siku ile ilikuwa zaidi, kwamba kwa macho yake ilikuwa kama kutoka hapa mpaka Sake. Akaufunga.

Umurerwa alirudi ukutani. "Alikuwa anagonga wapi?"

Fundi hakuhitaji kufikiri. Alitia kiganja mahali penyewe, upande wa kushoto, kimo cha bega. Binti alitoa kalamu yake nyekundu ya seremala, akachora kuzunguka mkono ule mlango mzima, mpana wa kupita watu wawili, na mshale wa kuonyesha kwamba utafunguka kwa nje. Kalamu ilivunjika kwenye kona ya mwisho, akamalizia kwa kipande.

"Mwenye iko ndani ataifungua bila ufunguo," alisema. "Hapana kadena. Bakitaka kuiba bitabu, baibe." Alikitupa kile kipande cha kalamu. "Toboa, fundi."

Fundi. Alilisikia neno hilo, akaelewa kwamba jina lile lingine limekwisha.

"Na nikisha maliza?"

"Ukisha maliza, utaenda kwa mama. Utamwambia weye mwenyewe, na mudomo yako. Miye siwezi."

Alikwenda kuketi kwenye kisiki, akiupa ukuta mgongo, akangoja. Munyakazi alichukua nyundo kubwa na tindo. Pigo la kwanza lilipotua, hakuna kitu kilichojibu kutoka ndani. Aliijenga kazi hii kwa saruji nyingi, kwa mikono yake, na sasa aliomba iwe imeshika, iwe ngumu, imchukue mpaka kesho, hata mpaka keshokutwa. Lakini saruji ilikuwa bado changa, na ukuta ulitoboka upesi kuliko alivyotaka.