Mwanga Uliopinda Kwenye Dungu la Paulina

Mpunga wa Michenga ulipotoa masuke, Justa alirudi kutoka chuo kikuu kumsaidia mama yake, Paulina, kuwinga ndege. Walishinda juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, pamoja na mkeka, masufuria na kompyuta ya Justa. Mwanga uliopita karibu na dungu lile ulipinda. Milima ya Udzungwa ilionekana imeinama kidogo, na Paulina alirusha jiwe la kombeo kushoto mwa ndege aliyemwona, ndiko alikokuwa kweli. Majirani walishazoea. Mwenye baiskeli aliyepita pale akishangaa milima aliishia mtaroni, na wala hakupewa pole.

Ndani ya kompyuta Justa alijenga ulimwengu wa majaribio, wote wa maada ya giza, ile isiyoonekana, ili apime inavyopinda mwanga wa galaksi za mbali. Nyota na gesi hakuziweka.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Uzito wake mdogo, mama. Tunaupuuza."

"Haya," alisema Paulina, akampakulia wali na perege, kipande kikubwa kikiwa cha Justa.

Wapimaji wakaja kuweka mpaka wa shamba la mwekezaji. Mstari ulipaswa kuukata mpunga wa Paulina, chakula chake cha mwaka mzima. Lakini katika darubini ya kupimia mstari ulipofika kwenye dungu ulizunguka, ukauacha mpunga wote upande wa Paulina. Tadei, mkubwa wao, alipima tena. Ukazunguka vilevile.

"Shikamoo mama. Uzito wa dungu lako nimeuona unavyopinda mstari. Ila ni mdogo, kwenye ramani tunaupuuza."

"Marahaba, baba."

Justa aliona aibu, machozi yakamlenga. Jioni ile alianza upya, akaweka nyota na gesi. Nyota zilipolipuka zikaipasha gesi moto, ikasambaa, na maada ya giza ikalegea kuifuata. Mwanga wa kwenye kompyuta ukapinda kama ule wa angani.

"Ulikuwa sahihi kuuliza, mama," alisema, akamwegemea begani.

"Kula kwanza," alisema Paulina.

Jiwe la mpaka lilisimikwa kwa mstari ulionyooka, mpunga ukabaki upande wa mwekezaji. Paulina na Justa walibomoa dungu, wakahamia Lupiro kwa shangazi, na Paulina alipokaa barazani milima ya huko nayo ikainama. Kule Michenga mashine ya mwekezaji ilivuna mpunga wa Paulina, ikienda moja kwa moja, maana hapakuwa tena na kitu cha kuzunguka.