Kitambaa cha Meza ya Bwana

Kidonda cha mume wangu kinanuka. Nasema mapema ili anayetaka kuziba pua azibe. Alikuwa fundi wa paa, akaanguka, na huu ni mwaka wa pili yuko kitandani, kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari. Chini ya mgongo pamechimbika shimo linaloingia ngumi ya mtoto. Nakiosha asubuhi na jioni. Nimekizoea? Wapi! Kila siku nageuza uso kwanza, ndipo naendelea.

Lakini kidonda hakijawahi kunitia kinyaa kama Mama Mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu.

Mimi ni dobi wa hospitali. Kwa miaka kumi na mmoja nilifua pia kitambaa cha Meza ya Bwana, kile kinachotandikwa chini ya mkate na kikombe. Nilikishona mwenyewe, pamba nyeupe tupu, na katika kipande kilichobaki nikapata kingine cha ukubwa ule ule. Hicho cha pili ndicho namlaza mume wangu juu yake siku hizi. Kwaya siiwezi, kuomba mbele za watu siwezi. Kufua kile kitambaa ndiyo ilikuwa sala yangu.

Siku moja wakaja kumtazama mgonjwa, akina mama saba. Waliombea mlangoni, hakuna aliyevuka kizingiti. Mama Mwenyekiti aliomba mbiombio, leso puani, kisha akanivuta pembeni.

"Dada, usinielewe vibaya. Kile kitambaa tutakifua wenyewe kwa sasa. Mikono yako, unajua tena, inashika mambo mengi."

"Inamshika mume wangu."

"Ndiyo hivyo. Na kile ni kitu kitakatifu. Wewe vumilia tu, Mungu ana makusudi yake."

Nilitaka kutema mate. Nikarudi ndani nikamwambia mume wangu kwamba kanisani sikanyagi tena.

"Ukiacha kwenda," akasema, "utakuwa umemwachia Bwana hao peke yao. Humwonei huruma?"

Alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Jumapili tatu sikwenda, na kibaya zaidi, hata nyumbani sala haikuja. Napiga magoti, mdomo unagoma. Hilo lilinitisha, maana imani ndiyo kitu pekee ambacho hakikuanguka na mume wangu kutoka kwenye lile paa.

Ijumaa Mama Mwenyekiti akatokea getini na mfuko wa plastiki. Ndani kitambaa changu, kina madoa ya kijivu kama ukungu wa mkate. Divai ilimwagika, nao wakaipaka sabuni ya mche na kuichemsha. Dobi yeyote angewaambia kwamba divai ikikutana na sabuni kwanza, doa linashika.

"Imetushinda, dada. Jumapili ni Meza."

"Mikono yangu imetakata lini?"

"Tusirudi huko, jamani. Ukimaliza kiache kwenye kamba, kesho nitajichukulia. Sitakusumbua."

Yaani hata kubisha hodi hataki! Nilikichukua, na si kwa ajili yake. Maji baridi, ndimu, chumvi, jua kali. Jumamosi mchana kilikuwa cheupe tena, kinaning'inia kando ya kile cha mume wangu nilichokwisha kukichemsha. Nikiwa ndani namgeuza mgonjwa, nikasikia geti likifunguliwa na kufungwa. Nilipotoka kilikuwa kimebaki kimoja. Nikakianua, nikakikunja.

"Kesho nenda ukaone kazi yako," mume wangu akasema. "Kazi tu. Watu usiwatazame."

Asubuhi nilimwosha, nikamtandikia harakaharaka, nikaenda kukaa benchi la mwisho la kanisa letu dogo. Mbele, Mama Mwenyekiti alikuwa analainisha kitambaa mezani kwa viganja vyake viwili, akiwaambia wenzake, "Tazameni kinavyong'aa!" Nikatazama. Pembeni palikuwa na kiraka kidogo cha uzi wa buluu.

Kiraka hicho nilikishona mimi, siku homa ya kidonda ilipompanda mume wangu akakirarua kwa kucha.

Nilinyanyuka nipige kelele. Wallahi nilitamani kuiona sura yake akijua ameshika nini! Lakini mchungaji alikuwa ameshaweka mkate, na mkate umekaa katikati kabisa, pale unapokaa mgongo wa mume wangu. Akaumega, akasema huu ni mwili uliovunjwa kwa ajili yenu. Nikajikuta magotini. Mdomo uliogoma wiki zote zile ukafunguka wenyewe, sikujua hata nasema nini. Kisha nikapanga foleni, mikono yangu inanukia dawa ya kidonda, nikapokea.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu kila kitu. Akapapasa pembe za kitambaa alicholalia akitafuta kiraka. Hakukiona.

"Kwa hiyo leo nimelala juu ya kile cha Meza?"

"Ndiyo. Ngoja nikitoe, kitachafuka."

Akanishika mkono.

"Kiache," akasema.